Thelathini na Nane kwa Mia

Saa nane usiku, Wakefield, chumba cha juu.
Hita inagonga kama mtu anayedai kodi,
na Liwali wa Mto Mweusi ameshuka tena:
juzi utii wake ulikuwa sabini na moja,
jana hamsini, leo thelathini na nane kwa mia,
tarakimu nyekundu juu ya kofia yake ya chuma.
Nimemkosea nini?
Nilimpa kinu. Nilimpa daraja na ushuru wake wote.
Binti yangu nikamwoza kwa mwanawe,
harusi ikanywa mapipa arobaini ya mvinyo
ambao mimi, hata mchezoni, sikuonja.

Bendera hufuata upepo, ndivyo tulivyofunzwa.
Humu kwenye kioo hakuna upepo
na bendera zinageuka:
buluu, buluu, kisha ngome moja ya mpakani inaota kijani
kama ukungu kwenye mkate.

Mchezo una ukarimu mmoja: hauna siri.
Unamgusa mtu kwa kipanya
na moyo wake unatoka kama risiti:
anakuogopa, ongeza kumi;
anamkumbuka kaka yake uliyemnyonga, toa ishirini;
amefurahia farasi, ongeza tano, mpaka mwezi wa sita.

Jumapili, katika ukumbi wa kukodi wa Agbrigg,
chama chetu cha kuzikana kilikaa kumchagua mwenyekiti.
Watu ishirini na sita, sambusa za Bi Mwanaidi,
birika lisilofunga vizuri.
Nilimtazama Shaibu, nikamtazama Tatu wa Huddersfield,
nikatafuta namba juu ya vichwa vyao.
Kofia tu. Mitandio. Mvuke wa chai.

Athmani Kizingo, miaka tisa mwenyekiti,
ndiye aliyenipokea stesheni na koti mkononi,
koti lake mwenyewe, mikono ikinimeza vidole.
Ndiye aliyemrudisha marehemu kaka yangu Pangani,
akasimama uwanja wa ndege akigombana na watu wa mizigo
kwa Kiingereza ambacho siku hiyo
hakikuwa na kosa hata moja.
Ndiye pia ambaye, ukurasa wa Machi
katika daftari la michango, hana jibu.
Mimi ni mweka hazina.
Pauni mia sita na arobaini. Nilijua tangu Machi.

Wiki nzima walinipigia.
Kina Shaibu: "Wewe ni wetu." Nikasema inshallah.
Kina Athmani: "Wewe ni wetu." Nikasema inshallah.
Neno takatifu, nikalifanya ngome
yenye mlango mbele na mlango nyuma.

Ulipofika wakati wa kunyoosha mikono
wangu ulipanda kana kwamba mtu mwingine ameubonyeza.
Kumi na nne kwa kumi na mbili.
Hesabu ndiyo kazi yangu: bila mkono ule,
kumi na tatu kwa kumi na tatu.
Athmani hakuniangalia. Alikunja kitambaa cha meza,
akakunja tena, kikawa kidogo kama bahasha,
akauliza nani atafunga madirisha.

Sasa Liwali ameasi, tarumbeta na yote.
Nimemshinda kwenye theluji kabla sijamaliza chai.
Ameletwa kamba mikononi, amepiga magoti,
na kioo kinaniuliza: mnyonge, mfunge, msamehe.
Chini, kwa maandishi madogo:
ukisamehe, wengine watakuona dhaifu;
ukinyonga, watakumbuka.

Kule gizani kuna ngome ya kweli, Sandal,
mawe machache kwenye nyasi, watu hutembeza mbwa.
Nimepita mara nyingi. Sijawahi kuuliza
nani alimfungulia nani lango.

Simu inatetemeka juu ya godoro. Athmani.
Saa nane na robo.
Huwa anapiga saa hizi pakiwa na msiba,
na namba za watu wa mochwari bado anazo yeye.
Au hakuna msiba.
Inatetemeka, inajisogeza yenyewe hadi ukingoni.
Liwali anasubiri. Theluji inamwangukia,
inamwangukia,
haimlowanishi.